Ngoma za "When the Levee Breaks": maikrofoni mbili zilitoshaje?

Msomaji mmoja wa Mbeya, ambaye ni mpiga dramu wa kwaya ya kanisa lake, ameuliza swali ambalo nitalinukuu karibu lote: "Nimesoma kwamba ngoma za wimbo 'When the Levee Breaks' wa Led Zeppelin zilirekodiwa kwa maikrofoni mbili tu zilizotundikwa juu ya ngazi za nyumba. Nami nimetundika mbili kwenye ukumbi wa kanisa letu, wenye sakafu ya saruji na paa la bati, nikapiga mdundo uleule. Nilichopata ni matoazi yanayopasua masikio, snea iliyo mbali, na besi dramu ambayo haisikiki kabisa. Nimekosea wapi, na je, ninunue maikrofoni za aina waliyotumia wao?"

Nitaanza na jibu fupi. Sehemu kubwa ya tatizo lako imo kwenye dramu na kwenye mikono yako, kabla sauti haijafika kwenye maikrofoni. Maikrofoni iliyo mbali hunasa uwiano uleule unaotoka kwa mpigaji, na haikupi nafasi ya kuurekebisha baadaye, kwa sababu hakuna mahali ulipohifadhi besi dramu (ile kubwa inayopigwa kwa kanyagio la mguu) peke yake wala snea (ile ya mkononi yenye mlio mkali) peke yake. John Bonham, mpiga dramu wa Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, alipiga kwa uwiano ambao ulikuwa umekamilika chumbani. Ngazi, mashine za kubana sauti, mwangwi na ukanda wa kurekodia uliopunguzwa mwendo vilikuja kuukuza uwiano huo. Ukivileta vyote hivyo juu ya uwiano mbovu, navyo vitaukuza ubovu uleule uliousikia.

Jibu refu linahitaji tuingie ndani ya nyumba yenyewe. Wimbo huu ni wa mwisho katika albamu ya nne ya Led Zeppelin, iliyotoka Novemba 1971, na una urefu wa dakika saba na ushee. Asili yake ni bluzi iliyorekodiwa mwaka 1929 na Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, kuhusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya mwaka 1927. Rekodi hiyo ya kwanza ni sauti ya McCoy na magitaa tu, haina dramu hata kidogo. Kwa hiyo ngoma tunazozijadili hazikurithiwa kutoka popote. Waingereza wale waliuchukua wimbo wa magitaa, wakaujengea msingi mpya chini yake, na leo watu wengi wanaukumbuka wimbo kwa msingi huo kuliko kwa mashairi yake.

Bendi ilikuwa imejaribu kuurekodi katika studio ya kawaida ya London, na matokeo hayakuwaridhisha. Baadaye wakahamia Headley Grange, nyumba kongwe ya mawe huko Hampshire, kusini mwa Uingereza, iliyojengwa mwaka 1795 kuwa makao ya watu maskini. Hapakuwa na studio ndani yake. Mitambo ilikuwa ndani ya lori, yaani studio ya kuhamahama iliyomilikiwa na kundi la Rolling Stones, lililoegeshwa nje huku nyaya zikipitishwa hadi ndani. Nyumba ina ukumbi wa kuingilia wenye dari iliyo juu sana, kwa sababu ngazi zinapanda kuuzunguka kupitia ghorofa tatu. Katika ukumbi huo ndimo ilimowekwa seti ya dramu ya Ludwig.

Jimmy Page, mpiga gitaa aliyekuwa pia prodyuza, na Andy Johns, fundi mitambo wa kazi ile, hawakukisimulia kisa hiki kwa namna moja. Katika simulizi la Page, seti mpya ya dramu ilifikishwa na kufungwa palepale ukumbini, Bonham akatoka, akaanza kuipiga, na kila mtu akasikia kwamba hapo pana kitu. Katika simulizi la Johns, wazo la kumtoa Bonham chumbani na kumpeleka ukumbini lilikuwa lake mwenyewe. Mafundi na wasanii duniani kote hukumbuka kazi nzuri kwa namna hiyo, na mimi sioni haja ya kuamua nani mkweli. Wote wawili wanakubaliana juu ya jambo linalotuhusu: maikrofoni mbili za Beyerdynamic M160 ziliwekwa juu kwenye ngazi, zikiuelekea ukumbi, na mbele ya besi dramu hapakuwa na maikrofoni yoyote.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Unapoisogeza maikrofoni mbali na dramu, sauti inayotoka moja kwa moja kwenye ngozi na matoazi hupungua nguvu kwa haraka, wakati sauti iliyokwisha kugonga sakafu, kuta na dari hubaki karibu vilevile popote unaposimama chumbani. Ukifika umbali fulani, chumba kinakuwa na sauti kubwa kuliko chombo. Karibu na snea unasikia mlio mkavu wa kijiti kwenye ngozi. Ukipanda ghorofa moja juu yake unasikia pigo likifuatwa mara moja na kundi zito la vimwangwi vinavyofika kwa kupishana, kwani sauti hutumia takriban milisekunde tatu kwa kila mita moja inayosafiri. Sikio halivitenganishi vimwangwi hivyo vya mapema. Linavijumlisha na pigo lenyewe, kisha linatoa hukumu kwamba chombo ni kikubwa mno.

Tatizo ni kwamba vyombo vya seti moja haviujazi ukumbi kwa kiasi sawa. Matoazi hutawanya sauti kali kila upande, na saruji tupu huirudisha karibu yote. Besi dramu ndogo iliyojazwa mito hutoa "tap" fupi inayofaa sana kwa maikrofoni iliyosogezwa hadi ndani ya tundu lake, lakini nguvu yake haifiki mbali. Seti nyingi za makanisani na za kumbi za harusi zimetayarishwa hivyo kwa sababu nzuri kabisa: fundi wa jukwaani anataka besi dramu ambayo haivumi, ili aipitishe kwenye spika bila usumbufu. Ukiichukua dramu iliyotayarishwa kwa kazi hiyo na kuitegea sikio kutoka mita tano juu, usitegemee chochote zaidi ya tetesi.

Bonham alikuwa upande wa pili kabisa. Besi dramu aliyoipenda ilikuwa na kipenyo cha inchi 26, yaani sentimita 66, wakati wapigaji wengi wa zama zake walitumia inchi 20 au 22. Ngozi ya mbele ilikuwa nzima, bila tundu, na ngozi zote zilikazwa kuliko mtu anavyodhania anaposikia sauti nzito namna ile. Wapiga dramu wengi hulegeza ngozi wakitafuta uzito. Ngozi iliyolegea sana hutoa uzito ukiwa umekaa kwenye kigoda, lakini hatua kumi mbele uzito huo umekwisha, kwa sababu dramu haivumi, inapwaya tu. Dramu pana, iliyokazwa kiasi na kuachwa wazi, hutoa noti halisi yenye mwanzo na mkia, na noti hiyo ndiyo inayosafiri. Snea yake ya kila siku ilikuwa ya chuma, yenye kina cha inchi sita na nusu, nayo pia aliiacha ilie.

Baada ya chombo inafuata mikono. Sikiliza sekunde za mwanzo za wimbo, kabla gitaa halijaingia, na uielekeze akili yako kwenye haihati (yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu) peke yake. Ipo, inagawa kila pigo katika mawili, imefunguliwa kidogo hivi kwamba inasuguana badala ya kukata, lakini haitawali. Snea iko juu yake kwa mbali, na besi dramu iko sambamba na snea. Hakuna fundi aliyeishusha haihati ile, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuishusha. Aliyeishusha ni mkono wa kulia wa Bonham. Watu humsifu kwa nguvu zake, na ni kweli alikuwa na nguvu, ila sifa hiyo imewapotosha vijana wengi wanaodhani kumwiga ni kupiga kila kitu kwa nguvu. Nguvu zake alizigawa kwa upendeleo: mguu ulipewa nyingi, mkono wa snea ukapewa nyingi, na mkono wa haihati ukapewa kiasi cha kutosha tu kuonyesha njia.

Mdundo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuukalia. Snea inaangukia pigo la pili na la nne, kama katika maelfu ya nyimbo nyingine. Mguu ndio unaofanya kazi ya ajabu: mwanzoni mwa kila duru ya mapigo manne kuna mapigo mawili ya besi dramu yanayofuatana haraka, kisha snea inajibu, pigo la tatu lenyewe halikanyagwi, bali mguu unalitangulia kidogo, unaliacha lipite likiwa tupu, halafu unarudi kuisukuma snea ya nne. Ukijaribu kuimba kwa mdomo utasikia kwamba uzito wa duru nzima unaning'inia juu ya tundu lile la pigo la tatu. Mwendo ni wa pole mno, takriban mapigo 71 kwa dakika. Kwa mwendo huo, pigo moja huchukua zaidi ya milisekunde 840, na robo ya pigo takriban 211. Hizo ni nafasi pana, na mpigaji mwenye wasiwasi huzijaza kwa vijipigo vya mapambo. Bonham hakuzijaza. Kwa sehemu kubwa ya dakika saba anarudia jambo lilelile, na chumba ndicho kinachojaza nafasi.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu sauti kubwa ya ukumbi na mdundo uliojaa mapigo haviwezi kukaa pamoja. Mwangwi wa pigo moja unahitaji muda wa kuchanua na kufa kabla ya pigo linalofuata. Ukipiga noti nyingi ndani ya ukumbi wa saruji, kila noti inaukalia mkia wa ile iliyotangulia, na baada ya duru mbili una uji. Ningependa kujua katika rekodi yako ulipiga kwa mwendo gani, maana hukusema. Kama uliharakisha hadi 85 au 90, kama wanavyofanya wengi wanapopiga peke yao bila bendi, basi sehemu ya lawama ni ya mwendo.

Sasa twende ndani ya lori. Sauti za maikrofoni mbili zilipitishwa kwenye mashine za kubana sauti za Helios, kampuni iliyotengeneza pia meza ya mitambo ya lori lile. Mashine ya namna hiyo huishika sauti inapokuwa kubwa na kuishusha, kisha huiachia inapopungua. Kazi yake hapa inahitaji kutazamwa kwa karibu. Bonham anapiga snea: mashine inaibana mara moja, ikizuia ncha ya pigo. Pigo linapita, mashine inaanza kuachia, na katika kuachia huko inapandisha kila kilichobaki, ambacho ni sauti ya ukumbi tu. Hivyo mwangwi, badala ya kushuka kwa utaratibu wake wa kawaida, unaonekana kuvimba baada ya kila pigo, kisha unakatwa na pigo linalofuata. Hayo ndiyo "mapumzi" unayoyasikia katika rekodi ile, kana kwamba nyumba nzima inavuta hewa kati ya besi dramu na snea.

Utaona mara moja kwa nini mbinu hii ingekugeukia. Mashine haichagui, inapandisha chochote kilichobaki. Kama kati ya mapigo yako makubwa kuna matoazi yanayovuma, mashine itayapandisha matoazi. Kubana sauti ya dramu iliyorekodiwa kwa mbali ni njia ya haraka ya kugundua kama mkono wako wa haihati ni mzito, na mara nyingi ugunduzi huo hauna adabu.

Juu ya hayo ikaongezwa mashine ya mwangwi ya Binson Echorec, iliyotengenezwa Italia. Mashine nyingi za mwangwi za wakati huo zilitumia ukanda unaozunguka. Binson ilitumia duara la chuma lenye sumaku linalozunguka mbele ya vichwa kadhaa vya kusomea. Sauti inaandikwa kwenye duara, kisha kila kichwa kinaisoma kwa kuchelewa kwake. Katika wimbo huu marudio hayo yamefanywa yaendane na mwendo, kiasi kwamba ukisikiliza kwa makini utasikia baadhi ya mapigo yakifuatwa na kivuli chake. Wanafunzi wengi hukihesabu kivuli hicho kama pigo la mguu, wakajitesa kuutafuta mguu wenye kasi isiyokuwapo. Ukiwa na notisheni (mdundo ulioandikwa kwa alama za muziki) uliyoipata mtandaoni yenye mapigo ya besi dramu mengi kupita kiasi, ifanyie mashaka.

Kuna hatua nyingine ambayo haionekani katika picha za ile ngazi, nayo ni mwendo wa ukanda. Wimbo ulirekodiwa kwa kasi zaidi ya ile tunayoisikia, kisha ukanda ukapunguzwa mwendo. Ukanda unapopunguzwa mwendo, kila kitu kinashuka na kurefuka pamoja: noti ya besi dramu inakuwa ya chini zaidi, mkia wa snea unakuwa mrefu zaidi, na ukumbi wenyewe unasikika kana kwamba kuta zake zimesogezwa nyuma. Harmonika ya Robert Plant, mwimbaji wa bendi, na gitaa vinapata ule unene wa matope uliomo humo. Bendi iliupiga wimbo huu jukwaani mara chache tu, mwanzoni mwa mwaka 1975, na ukijua ni kiasi gani cha sauti yake kilitengenezwa kwa ukanda na mwangwi, hutashangaa.

Kazi ya mwisho ya kuchanganya sauti ilifanyika Sunset Sound, Los Angeles. Nyimbo nyingine za albamu zilichanganywa huko pia, lakini matokeo yake hayakufurahisha na yakarudiwa London. Wimbo huu pekee ulibaki na mchanganyo wa Los Angeles. Kwa kuwa ngoma zinaanza peke yake, safi, kwa sekunde kadhaa kabla ya chombo kingine chochote, zilikuja kuwa mali ya umma ya watengeneza midundo. Beastie Boys, kundi la hip hop la Marekani, walizikata na kuzitumia mwaka 1986 katika wimbo wa kwanza wa albamu yao "Licensed to Ill", na baada yao wamefuata wengi sana katika hip hop na muziki wa elektroniki. Huenda wewe mwenyewe ulizisikia huko kabla hujamsikia Led Zeppelin.

Narudi Mbeya. Sikushauri uanze na maikrofoni. Mwombe mwenzako apige, nawe upande juu ya kiti au ngazi hadi kichwa chako kifike pale ulipotundika maikrofoni, ufunge macho, na usikilize. Kama husikii besi dramu kwa masikio yako, maikrofoni haitakuzulia. Kisha mbadilishane: wewe upige, yeye asikilize na kukuambia kwa ishara ya mkono "haihati chini, chini tena", hadi haihati ikae mahali pake. Utajiona unapiga haihati kwa uoga, karibu aibu. Endelea hivyohivyo. Simu ya kawaida iliyowekwa pale juu inatosha kwa majaribio haya, mradi usikilize kwa spika za masikioni, kwani spika ya simu haitakuonyesha besi.

Besi dramu yako itoe mito na mablanketi yote. Kama ngozi ya mbele ina tundu, tafuta isiyo nalo. Kaza ngozi zote mbili kidogo kidogo, ukizunguka skrubu kwa zamu, hadi dramu itoe noti unayoweza kuiimba. Ikivuma kupita kiasi, weka kipande chembamba cha kitambaa kinachogusa ngozi ya nyuma kwa ukingo tu. Ukiwa na inchi 22 hutapata ile ya 26, hilo tukubaliane, lakini utapata sauti inayofika darini. Na kanyagio lako lipake mafuta. Lile la Bonham linasikika likilia katika "Since I've Been Loving You" ya mwaka 1970, na mashabiki wamelipenda. La kwako hawatalipenda.

Ukumbi nao una tabia yake. Ule wa Headley Grange ulikuwa mwembamba na mrefu kwenda juu, wenye ngazi na vizuizi vya mbao vinavyoivunja sauti isirudi kwa mkupuo mmoja. Ukumbi wa kanisa wenye kuta mbili ndefu zinazotazamana hufanya jambo tofauti: sauti kali inarushwa huku na huku kati ya kuta, na unaisikia kama mtetemo mfupi baada ya kila kofi. Piga kofi moja katikati ya ukumbi na utaisikia. Mtetemo huo huharibu snea kuliko kitu kingine. Sogeza dramu isiwe katikati kabisa ya kuta, igeuze ielekee pembeni, na yapange mabenchi yasilingane na ukuta. Ukiweza kutundika kanga au mapazia mazito kwenye ukuta mmoja tu, ukauacha mwingine wazi, mtetemo utapungua bila kuua ukumbi. Bati nalo lina mlio wake wa juu usiopendeza, hivyo ningeishusha maikrofoni isikaribie paa. Mita mbili na nusu hadi tatu juu ya snea ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha usogee kwa masikio. Kama jengo lenu lina ngazi za ndani au korido ndefu ya ofisini, jaribu huko kabla ya kuung'ang'ania ukumbi.

Rekodi zetu wenyewe zinaweza kukufunza jambo hili la uwiano kuliko hata mimi. Tafuta nyimbo za bendi za dansi zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970, ambapo wanamuziki walipiga pamoja kwa wakati mmoja, na usikilize namna mpiga dramu anavyojiweka chini ya magitaa bila kupoteza mdundo. Hao walijua kwamba wakizidisha matoazi wameharibu kazi ya watu kumi.

Uwiano ukishapatikana, tumia programu yako ya kurekodia kubana sauti za maikrofoni zote mbili kwa pamoja, ukiweka muda wa kuachia uwe chini kidogo ya nafasi kati ya besi dramu na snea, ili uvimbe umalizike kabla ya pigo linalofuata. Mwangwi wa marudio uuweke mdogo, usikike kama kivuli. Kwa habari ya kupunguza mwendo, rekodi kwa mapigo 76 kwa dakika na uishushe hadi 71 kwa njia inayoshusha pia mlio, kama ukanda ulivyofanya. Kila kitu kitashuka kwa zaidi kidogo ya nusu toni. Hizi namba ni zangu, za kukupa pa kuanzia. Programu nyingi zina njia mbili za kupunguza mwendo, na ile inayohifadhi mlio haifai hapa, kwa kuwa itarefusha nafasi bila kuikuza dramu.

Kuhusu kununua: M160 ni maikrofoni ya utepe, ambamo utepe mwembamba sana wa chuma hutetemeka kati ya sumaku, na maikrofoni za namna hiyo huyapokea matoazi kwa upole zaidi kuliko zile za bei nafuu za kondensa, ambazo nadhani ndizo ulizo nazo. Kwa hiyo ndiyo, zingekusaidia kiasi, kwenye ule ukali unaopasua masikio. Hazitakuletea besi dramu ambayo haipo chumbani. Kwa sasa, chukua maikrofoni mbili za kawaida za kuimbia, zile za mkononi ambazo kila kanisa linazo kabatini. Hazinasi sana milio ya juu kabisa, na kwa kazi hii udhaifu huo ni faida. Fanya majaribio na hizo hadi mwenzako aliye juu ya ngazi akubali kwamba anasikia mguu wako vizuri kama anavyosikia snea, kisha uniandikie tena kabla hujatoa fedha yoyote.